Ngazi Saba za Ndege ya Jumapili

Makole, Dodoma
9 Julai 1996

Baba mdogo Methusela,

Shikamoo. Huku tupo wazima. Goti la Bibi Zipora linamsumbua kwa baridi ya mwezi huu, lakini amekataa kuhama Mkonze kuja kukaa na mimi mjini. Anasema nyumba yangu ina nyaya nyingi. Mtama umepatikana magunia manane, uwele matatu. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha. Msalimie sana mama mdogo Devota, na Jordan.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni njema. Baada ya miaka kumi na tisa ya kuandika habari za Bunge, gazeti moja jipya la Dar es Salaam limeniomba niwe mkuu wa ofisi yake ya Dodoma. Mhariri, anaitwa Ambokile, ana sharti moja: kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi wakuu wa ofisi za mikoani wawe Dar saa tatu asubuhi kwenye kikao cha kupanga kazi. Gazeti linatoa tiketi ya ndege.

Ya pili ni hii. Jumapili tarehe 30 Juni nilifika uwanja wa ndege saa nane na dakika kumi. Ni mita mia sita kutoka mlangoni kwangu. Nilikwenda mwenyewe kwa kiti cha betri, kile alichoniachia daktari wa misheni aliporudi kwao. Nilikuwa na tiketi ya Kwezi Air, kampuni yako. Mezani alikuwepo Bashiri wa Kondoa, msimamizi wenu wa kituo. Nanakili kutoka kwenye daftari langu:

“Dada Elieth, anayekusindikiza yuko wapi?”

“Nimekuja peke yangu.”

“Basi leo hupandi.”

“Tiketi ina kasoro?”

“Tiketi haina kasoro. Kasoro ni…” Akaangalia kiti changu. Alikuwa na adabu ya kutomalizia.

Akanionyesha tangazo ukutani: “Abiria asiyeweza kupanda ngazi za ndege kwa miguu yake hatapokelewa bila msindikizaji na cheti cha daktari. Viti vya betri havipakiwi.” Ndege iliondoka saa tisa na robo. Ilikuwa na nafasi tatu tupu.

Wewe ndiye msimamizi wa abiria wa Kwezi Air pale Dar. Nauliza mambo mawili: nani aliandika tangazo hili, na nani anaweza kulifuta. Nijibu kwa barua. Simu ya ofisini kwako inasikilizwa na watu watatu, na mimi nataka maandishi.

Mwanao,
Elieth


Dar es Salaam
21 Agosti 1996

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema. Kuchelewa ni kwangu. Mama yako mdogo alishikwa na malaria wiki mbili, sasa amepona na amerudi kwenye genge lake. Jordan anasubiri matokeo ya kidato cha sita na kula tu. Kazini wamepunguza watu tena, tumebaki kumi na wanne. Mimi niliyekwisha kupunguzwa mara moja kwenye shirika la umma naijua harufu yake kabla barua haijachapwa.

Nakupongeza kwa kazi hiyo. Marehemu baba yako angefurahi.

Kuhusu tangazo, mambo ya namna hiyo hutoka juu. Ushauri wangu ni huu. Mwombe fundi wako Castory akusindikize. Nitajaribu kumtafutia nafuu ya tiketi. Kiti cha betri kiache nyumbani, hapa uwanjani tuna cha kusukuma. Kwenye ngazi tuna watu wawili wenye nguvu, watakupandisha kwa heshima zote. Mimi mwenyewe nilikubeba mgongoni kutoka Mkonze hadi shuleni miaka mitatu, kilometa nne kwenda na nne kurudi, na hukulalamika hata siku moja. Kubebwa si aibu, mwanangu.

Kuna mengine siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Niamini tu.

Msalimie mama. Mwambie nitakuja mvua zikianza.

Baba yako mdogo,
Methusela Ndahani


Makole, Dodoma
3 Septemba 1996

Baba mdogo,

Shikamoo. Nashukuru mama mdogo amepona. Jordan mwambie kula si kosa, kosa ni kula bila kuosha vyombo. Zabibu za uani zimeiva, nyuki wanazipata kuliko sisi. Bibi anauliza mvua unazosema zitaanza mwaka gani.

Nakujibu kwa mpangilio ulioandika.

Tarehe 4 Agosti nilikwenda Dar kwa basi. Sikukuambia, sikutaka uje kituoni. Kiti cha betri kilibaki Makole kwa sababu konda alitaka kukifunga juu ya paa pamoja na magodoro na matenga ya kuku. Utingo alinipandisha kwa kunishika makwapani. Sikunywa maji tangu Jumamosi mchana ili nisihitaji choo njiani. Safari ilichukua saa tisa na nusu. Kikaoni waliniweka kwenye kiti cha plastiki, na hapo waliponiweka ndipo nilipobaki saa nne. Wenzangu walikwenda kunywa chai, wakagawana kazi huko huko kwenye chai. Habari niliyoipendekeza mimi ikaenda kwa mtu wa Mwanza. Nilipouliza akasema, “Aa, dada, mbona hukuja kutetea?”

Kikao cha jana sikwenda. Ambokile amenipigia simu asubuhi hii. Amesema: “Elieth, nakutaka wewe, lakini nataka mtu anayefika. Tarehe 4 Novemba usipokuwepo mezani, nafasi nampa Geofrey.” Geofrey ni mwandishi mzuri. Anatembea vizuri pia.

Castory ni fundi wa simu anayenitengenezea kiti. Ana mke, watoto na mwajiri. Kila mwezi nimchukue mtu mzima akae kando yangu saa moja hewani, afanye nini? Anishike nisianguke kutoka kwenye kiti nilichofungwa mkanda?

Kwamba ulinibeba ni kweli. Zilikuwa kilometa tatu na nusu. Nilikuja kuzipima baadaye kwa gari. Na nililalamika. Ulikuwa unaimba kwa sauti, hukunisikia.

La mwisho. Juu ya tangazo lenu kuna namba ya kumbukumbu: KA/DSM/MN/11. Nimesoma barua za ofisi miaka kumi na tisa, najua herufi zile MN ni za aliyetunga. Kwezi Air nzima ina Methusela Ndahani mmoja. Nilizisoma tarehe ile ile 30 Juni, Bashiri akiwa amesimama mbele yangu. Nilipokuuliza nani aliandika, sikuwa natafuta jina.

Ukiandika tena, andika kweli.

Elieth


Makole, Dodoma
29 Septemba 1996

Baba mdogo,

Shikamoo. Bibi hajambo, goti limepoa. Hujajibu karibu wiki nne sasa, kwa hiyo nakuarifu tu ninachofanya.

Ndege yenu ilipolala hapa kwa ubovu wa taa, Bashiri aliniruhusu kuipima. Ngazi ni saba. Kila moja ina kimo cha sentimeta ishirini na mbili na upana wa hamsini na nane. Castory amenichongea za mbao za vipimo hivyo hivyo, zipo uani. Naipa ngazi mgongo, nakaa ya kwanza, naweka viganja kwenye ya pili, najiinua, nakaa. Miguu naivuta kwa mkono. Siku ya kwanza ilinichukua dakika kumi na moja. Leo asubuhi sita.

Jirani yangu Anastazia alichungulia juu ya ukuta. “We Elieth, umejiunga na jeshi?”

“La anga,” nikamjibu.

Bibi alikuja Jumatano, akakaa kwenye kigoda akanitazama napanda na kushuka mara mbili. Kisha akauliza: “Hiyo ndege ina mlango?” Nikamwambia inao. “Basi kama ina mlango, watu wanaingia.” Akarudi kuchambua mlenda wake.

Elieth


Dar es Salaam
8 Oktoba 1996

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Tu wazima. Jordan amefaulu, daraja la pili, na sasa anaosha vyombo. Msalimie mama.

Nimeanza barua hii mara tano. Hii naituma kwa mkono wa rubani nisije nikaichukua tena posta.

Tangazo niliandika mimi. Ilikuwa hivi. Tarehe 17 Machi, mvua ikinyesha, tulikuwa na abiria mmoja mzee wa kwenda Dodoma, mtu wa Kongwa, alikuja Dar kutibiwa. Alikuwa na mkongojo. Alifika chini ya ngazi akasema, “Niacheni nipande taratibu, nitafika.” Tulikuwa tumechelewa dakika ishirini. Mimi ndiye niliyesema, “Mzee, tutakusaidia.” Mpagazi mmoja akamshika kwapani, mimi nikamshika miguu. Alirudia: “Niacheni.” Nilimsikia. Kwenye ngazi ya nne mpagazi akateleza. Mzee aliangukia nyonga. Hajasimama tena. Yupo kwa binti yake Temeke, na Kongwa hajarudi mpaka leo.

Siku ile ile meneja akanipa saa mbili niandike utaratibu wa kuzuia jambo hilo lisitokee tena. Niliandika mistari minne. Ile ya kiti cha betri niliongeza kwa sababu mwaka jana betri ya gari ilimwaga tindikali ndani ya shehena, nikaona nifunge mambo yote mara moja.

Sikukuwaza wewe hata kidogo. Ndiyo kweli uliyoitaka. Nimeishi nikijua mwanangu yuko Dodoma na kiti chake, na kalamu ilipokuwa mkononi hukunijia kichwani. Ulipoandika Julai ndipo nikakuona, na nikaona haya, nikakwambia imetoka juu.

Siwezi kulifuta. Meneja anasema tangazo ndilo linalotulinda. Wamebaki na majina mawili ya kupunguza kabla ya Desemba, na mimi nina miaka hamsini na mitatu. Nakuomba jambo moja: usiliandike gazetini.

Methusela


Makole, Dodoma
14 Oktoba 1996

Baba mdogo,

Shikamoo. Hongera kwa Jordan. Bibi ametoa jogoo. Atakaa kwangu mpaka Jordan aje kumla.

Nimesoma barua yako mara mbili. Namsikitikia sana mzee yule. Pole yako wewe nitakupa tukionana, kwa sasa nina kazi.

Sitaandika gazetini. Usidhani ni kwa ajili yako: mwandishi haripoti habari ambayo yeye mwenyewe yumo ndani yake. Angekuwa abiria mwingine, ungeisoma ukurasa wa kwanza, na jina lako ningeliandika kwa ukamilifu.

Sasa tazama ulichoandika. Mzee alisema ataipanda ngazi mwenyewe. Mkambeba. Mkamwangusha. Halafu ukatunga utaratibu wa kumzuia mzee asipande. Hukutunga wa kukuzuia wewe usibebe watu wanaokataa kubebwa. Aliyekosea hajaguswa popote katika mistari yako minne.

Weka haya badala yake: “Abiria atasema mwenyewe namna anavyotaka kupanda ndege. Asibebwe asiyeomba. Apewe muda.” Maneno kumi na moja. Mpelekee meneja.

Betri. Castory amenibadilishia: hizi zimezibwa, za mitambo ya simu, hazina maji ya kumwagika hata ukizipindua. Zinatolewa kwa kufungua skrubu nne, zinasafiri kwenye sanduku lao. Kiti bila betri kina kilo hamsini na tisa, mgongo wake unakunjwa, na mlango wenu wa mizigo unakipitisha kwa ziada ya sentimeta tisa. Bashiri alishika upande mmoja wa futi ya kupimia, mimi mwingine.

Muda wangu wa ngazi sasa ni dakika nne na nusu.

Nina tiketi ya Jumapili tarehe 3 Novemba. Nitakuwa mezani kwa Bashiri saa nane kamili.

Elieth


Dar es Salaam
26 Oktoba 1996

Mwanangu,

Kwa haraka, rubani anasubiri. Nilimpelekea meneja maneno yako kumi na moja. Ameyasoma, akauliza, “Nani amekutuma?” Nikasema ni mawazo yangu. Akasema hapana, na akasema kama nina mawazo mengi nafasi za kuyafikiria nyumbani zipo.

Usije. Watakurudisha mbele ya watu, na safari hii hata Bashiri ataponzwa. Nakuomba kama mzazi.

Methusela


Makole, Dodoma
12 Novemba 1996

Baba mdogo,

Shikamoo, na nashukuru kwa siku tano za kulala kwenu. Mwambie mama mdogo ule mkeka nilioukalia ulikuwa mzuri kuliko hoteli ambayo Ambokile alitaka kunipeleka, maana ile ina ghorofa na lifti yake imekufa tangu mwaka jana. Wingu limeanza kujikusanya upande wa Chimwaga. Bibi ameshatayarisha mbegu.

Barua ya ajira imefika jana. Nimesaini.

Ya kikaoni nilikusimulia mezani. Ya Dodoma hukuniuliza, na mimi sikutaka kuyasema mbele ya watu. Hukuwepo, kwa hiyo nakueleza.

Nilifika saa nane kasoro dakika tano. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa: nilikuwa na maji, mkate, daftari jipya, na nilikusudia kukaa pale mpaka ndege ya Ijumaa, na baada ya hapo ya Jumapili nyingine. Tangazo lilikuwa ukutani. Bashiri alikuwa ameinamia karatasi kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

“Dada Elieth,” akasema, “hii imeingia kwa redio saa saba na nusu. Nimeiandika mwenyewe, nikawaambia warudie, wakarudia.”

Akanisomea: “Abiria Elieth Ndahani apande. Asibebwe na mtu yeyote. Apewe muda. Kiti kipakiwe. Nawajibika mimi, Methusela Ndahani.”

“Meneja anajua?” nikamuuliza.

“Hapa hapakuandikwa meneja.” Akakunja karatasi akaitia mfukoni. “Na mimi sisomi kisichoandikwa. Pita.”

Castory alifungua betri. Kiti kikaenda. Mimi nilikuwa nimekaa ngazi ya kwanza, mgongo kwenye ndege, uso kwa abiria wenzangu kumi na wawili waliopanga foleni kwenye jua. Hilo sikulifikiria kwenye mazoezi ya uani: kwamba ukipanda kinyumenyume unatazamana na kila mtu.

Mmoja wao alikuwa mbunge. Jina nalihifadhi. Akamwambia Bashiri kwa sauti ya jukwaani: “Kwani hamna vijana wa kumbeba huyu mama? Tunaungua hapa.”

“Mheshimiwa,” nikasema, “niulize mimi. Ninayepanda ni mimi.”

“Basi nakuuliza wewe. Si ubebwe tu, tuondoke?”

“Wewe juzi pale bungeni ulisimama dakika ishirini na tano kwa swali la nyongeza. Nilikuwa naandika. Mimi naomba nne.”

Watu walicheka. Alicheka na yeye, ingawa wa mwisho. Rubani Anyitike akachungulia kutoka juu: “Umesema nne?”

“Nne na nusu ikizidi.”

“Ninazo.” Akatazama saa yake, akarudi kukaa.

Ngazi ya tano ilikuwa na mafuta na kiganja kiliteleza. Nilipiga kiwiko. Hakuna aliyenishika, walikuwa wameambiwa wasinishike, na niliona mikono ya Bashiri ikitoka na kurudi. Nilifika mlangoni kwa dakika nne na sekunde hamsini. Kutoka mlangoni hadi nafasi ya kwanza nilitambaa juu ya khanga ya Anastazia. Ndege iliondoka saa tisa na dakika kumi na saba, yaani ilichelewa dakika mbili. Moja na nusu ilikuwa ya sanduku la mheshimiwa lililozidi uzito.

Wewe uliniandikia nisije, kisha ukapeleka yale maneno kwa redio. Mezani kwenu siku tano hukuyataja. Mimi nayataja.

Elieth


Dar es Salaam
19 Novemba 1996

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Devota anasema mkeka ni wako, hatakalia mwingine. Bado anacheka jinsi nilivyosimama chini ya ngazi pale Dar, nimetanua mikono mbele ya wafanyakazi wote kama napokea mtoto kwenye ubatizo, na wewe ukaniambia, “Baba mdogo, sogea, unanizibia njia.” Nilisogea. Kati ya yote niliyofanya siku ile, hilo ndilo lililokuwa gumu. Kutuma redio kulichukua nusu dakika.

Uliniuliza kimya kimya kwa nini nilibadilika. Jumamosi ile nilikwenda Temeke kumwona yule mzee. Nilikuwa sijakwenda tangu Machi. Nikamwambia kuna abiria kesho anataka kupanda mwenyewe na sisi tunamkataza. Akauliza, “Anawaambia mwenyewe hivyo?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Na mimi niliwaambia.” Akageukia ukutani. Sikusamehewa, na sikukaa kusubiri.

Juzi nimerudi kwake. Aliuliza kama tulikuacha upande mwenyewe. Nikasema tulikuacha. Akamwambia binti yake anipe chai.

Kazini: Jumanne baada ya safari yako nilipewa onyo la maandishi. La pili linafuatwa na kufukuzwa. Kisha Alhamisi meneja akaniita tena, safari hii akanipa kiti. Mbunge wako ameandika barua kuisifu kampuni kwa huduma yake kwa walemavu. Sasa meneja anataka picha yako kwa ajili ya kalenda ya mwaka 1997: wewe kwenye kiti, rubani Anyitike kando yako ameshika maua, nyuma ndege, chini maneno “Kwezi Air, Anga ni la Wote.” Utapewa tiketi za bure mwaka mzima. Onyo langu litafutwa.

Nikamuuliza, na tangazo? Akasema tangazo litabaki, ila wewe utaruhusiwa kwa kibali maalumu.

Onyo langu usilitie kwenye hesabu zako. Nimeishi na mambo mabaya kuliko karatasi ile. Amua kama unavyoamua.

Baba yako mdogo,
Methusela


Makole, Dodoma
24 Novemba 1996

Baba mdogo Methusela,

Shikamoo. Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, milimita kumi na nane kwa kipimo cha uwanja wa ndege. Bibi amepanda na hataki kusikia habari ya goti. Anasema sasa mvua zimeanza, na anajua mtu aliyeahidi.

Umefanya vema kurudi Temeke. Endelea kwenda, hata asipokusemesha.

Picha sipigi. Kalenda hutundikwa ukutani, na kwenye ukuta ule ule lipo tangazo. Siku ya kupigwa picha wataniruhusu, na wiki inayofuata atakuja mtu mwingine wa Kibaigwa au Mpwapwa mwenye mkongojo na tiketi halali, hana baba mdogo Dar wala jina gazetini. Bashiri atamwambia, “Leo hupandi,” huku mimi natabasamu juu ya kichwa chake na maua. Kibali maalumu sikitaki. Tiketi za bure sizitaki pia. Gazeti langu linalipa, na mtu aliyelipa huongea vizuri zaidi mezani.

Nimemwandikia meneja wako barua ya ukurasa mmoja, ipo kwa rubani pamoja na hii. Sikutaja undugu wetu. Nimemwambia kwamba kuanzia mwezi huu mimi ni abiria wake wa kila mwezi. Nimemwomba atundike yale maneno kumi na moja mahali pa tangazo lile. Nimemwambia mkono wa kushikia kwenye ngazi zake upo upande wa kulia tu. Anayepanda kwa kukaa anahitaji pande zote mbili, na mzee mwenye mkongojo pia. Fundi wa kuchomelea chuma hapa Makole anaweza kuutengeneza kwa siku moja. Vipimo nimeviambatanisha. Onyo lako nimelitaja kwa sentensi moja: kwamba aliyeandikiwa ndiye mfanyakazi pekee wa Kwezi Air aliyesikiliza abiria alichosema.

Huenda akakufukuza. Nimelifikiria hilo siku mbili, na barua sikuibadilisha. Ulisema nisilitie kwenye hesabu. Nimelitia, nikaona bado ni lazima iende. Ukikasirika, kasirika kwa maandishi.

Jumapili ijayo ni tarehe 1 Desemba. Nitakuwa mezani kwa Bashiri saa nane. Kama mkono wa kushoto utakuwa umewekwa, nitaushika. Kama haupo, nitapanda hivyo hivyo, uso kwa foleni nzima, na safari hii kila dakika nitaihesabu kwa sauti.

Elieth Ndahani